Kijito Kilichochorwa Mto

Ofisini walimwita Jicho, lakini jina hilo hakulipata ofisini. Alikuja nalo kutoka kwa dada yake, alikolelewa tangu mama yao alipofariki, wakati yeye hata kufunga kamba za viatu alikuwa hajajua. Aliyempa jina hilo alikuwa shemeji yake, mume wa dada, fundi wa redio aliyekuwa na meza yake barazani. Skrubu ya fundi ikidondoka haionekani tena. Inaingia kwenye nyufa za sakafu, inakaa na vumbi, na mtu mzima anabaki anapapasa kama kipofu. Yule mtoto alikuwa akipita na ndoo ya maji, anainama mara moja, anaokota, anamwekea shemeji mezani, anaendelea na safari yake.

"Wewe si mtu," shemeji alimwambia. "Wewe ni jicho lililoota miguu."

Dada hakupenda mzaha huo. Alisema mtoto akisifiwa kazi zinalala. Na kazi katika nyumba ile zilikuwa hazilali. Jicho alifua, aliosha vyombo, alibeba mgongoni mtoto wa kiume wa dada mpaka mtoto akajua kutembea. Wageni wakija na kuuliza huyu binti ni nani, dada alikuwa akijibu, "Ananisaidia kazi," basi, bila kusema tumbo walilotoka ni moja. Usiku alilala jikoni, juu ya magunia. Alipoungua mkono kwa mafuta, dada alimuuliza kwanza kama mafuta yamemwagika yote.

Shemeji hakuwa mtu wa kugombana na mkewe. Alikuwa mpole wa kupindukia, na upole wa namna hiyo mara nyingi humfaidi mtu mbaya. Lakini alikuwa na njia zake. Jicho alipokuwa msichana mkubwa, shemeji alianza kumtuma mjini kila alasiri kununua vipuri. Vipuri vyenyewe alikuwa navyo tele kwenye kopo chini ya meza. Kule mjini Jicho alikuwa akiingia kwenye darasa la kompyuta ambalo shemeji alikuwa amemwandikisha kimyakimya, na jioni anarudi na waya kidogo mkononi, wa kumwonyesha dada. Mambo yakaenda hivyo mpaka akapata cheti. Dada alipokuja kujua, alimnunia mumewe msimu mzima, na kumwambia Jicho kwamba kompyuta haitamfundisha kupika.

Hayo yote Jicho angeyasamehe. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo moyoni. Ambalo hakulisamehe ni la kinyozi.

Kinyozi alikuwa kijana mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta, msafi, mcheshi, mwenye mazoea ya kuongea na mtu huku amemshika kichwa. Walipendana kwa muda mrefu kabla hajamleta shangazi yake kuja kuzungumza. Siku hiyo Jicho alivaa gauni aliloshona kwa mkono. Shemeji alikaa na wageni sebuleni, akawa anacheka peke yake kwa furaha. Dada akamwita yule shangazi jikoni, eti amwonyeshe jambo. Jicho alikuwa nje ya dirisha la jikoni, anakamua kitambaa, na alisikia kila neno.

"Mama yangu, mimi siwezi kuwaficha," dada alisema kwa sauti ya huruma. "Mdogo wangu ana kifafa. Sisemi msioe. Nasema mjue."

Jicho hakuwa na kifafa. Hakuwahi hata kuzimia. Lakini yule shangazi alirudi sebuleni uso umebadilika, chai hakuimaliza, na kinyozi hakuonekana tena. Jicho alipomfuata kibandani, kijana alikuwa ananyoa mtu, na hakugeuka. Alimwambia kupitia kwenye kioo kwamba ukoo wao umekataa. Jicho akasimama pale akitazama nywele za watu wengine sakafuni, kisha akaondoka. Jioni alimuuliza dada kwa nini. Dada akajibu bila kuacha kuchambua mchele, "Nani angebaki na mimi humu ndani?"

Wiki hiyohiyo Jicho alihama. Alipanga chumba upande wa pili wa mji, akatafuta kazi, akaipata katika ofisi iliyokuwa inachora ramani za kompyuta.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mapazia yalifungwa mchana kutwa ili mwanga usiharibu picha kwenye vioo vya kompyuta. Wachoraji walikaa kwa mistari, kila mmoja na kipanya chake na chupa yake ya maji, wakitazama dunia kutoka juu. Picha zilipigwa na satelaiti, na kazi yao ilikuwa kuzigeuza picha hizo kuwa ramani. Kitu kidogo kama kisima au mlingoti wa umeme unakibofya mara moja, kinakuwa nukta. Njia, uzio, bomba la maji, hivyo vinakuwa mistari. Nyumba, bwawa na shamba vina eneo, kwa hiyo unavichora kona baada ya kona mpaka urudi ulipoanzia, na umbo likijifunga linajaa rangi. Nyumba zilijaa rangi ya chungwa. Jicho aliweza kutofautisha paa la bati na turubai lililotandazwa juani, kisima na kivuli cha pipa. Wenzake wakikwama walikuwa wanamwita, anainama begani kwao, anawaonyesha kwa kidole.

Mto ulikuwa na shida yake. Kijito chembamba kilichorwa kama mstari, na mstari hauna upana. Mto mpana ulichorwa kama umbo, ukingo huu na ukingo ule. Tofauti hiyo ilionekana ndogo, lakini siku waliyopewa kazi ya mabonde ya mji msimamizi aliwaeleza uzito wake. Msimamizi alikuwa mzee mwenye mazoea ya kukohoa kabla ya kila sentensi. Akawaambia ramani hizi zinakwenda kwa wakubwa wanaotaka kuwahamisha watu kutoka kandokando ya maji. Palipochorwa mstari, watapima ukanda mwembamba tu, na nyumba nyingi zitapona. Palipochorwa umbo, watapima kuanzia kwenye kingo, na ukanda wa mto ni mpana mara kadhaa kuliko wa kijito. Kwa hiyo tumieni picha ya kiangazi, akasema, kwa sababu mvua inadanganya. Picha ya masika ni kwa pale tu ambapo wingu limeziba.

Vipande vya ramani viligawiwa na kompyuta yenyewe, na hakuna aliyechagua. Asubuhi moja Jicho alifungua kipande kipya, akakunywa maji, akaanza na barabara kama kawaida yake. Alipofika katikati aliliona paa. Lilikuwa na mabati ya rangi mbili, na matairi manne ya kukandamiza upepo, na kando yake kulikuwa na baraza ambako meza ya fundi haikuwepo tena. Mkono wake ukasimama.

Nyuma ya nyumba kulipita kijito. Alikijua kijito hicho kama kiganja chake, kwa sababu alikifulia nguo utoto wake wote. Kiangazi, mbuzi alikuwa anakiruka bila kukimbia. Masika kilivimba siku mbili tatu, kikatandaa kwenye majani, kisha kikarudi kwenye mkondo wake. Katika picha ya kiangazi kilionekana kama uzi. Lakini juu ya uzi huo kulikuwa na wingu. Wingu lenyewe lilikuwa jepesi, kama moshi wa mtu anayepika mbali, na chini yake ungeweza kuhesabu mawe. Mchoraji mwingine yeyote angelipuuza. Jicho akafungua picha ya masika. Humo kijito kilikuwa kimetandaa, kahawia, kipana kama barabara ya lami, na maji yalikuwa yameng'ang'ania ukuta wa nyuma wa dada.

Jicho alikaa muda mrefu. Hakuwa amefura kwa hasira, na hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa ametulia kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alimfikiria shemeji. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja tangu mwaka uliopita, alikuwa amelala chumba cha nyuma, hageuki mpaka ageuzwe. Jicho alikuwa anakwenda kumwona siku dada hayupo, anamnyoa ndevu, anamwekea redio karibu na sikio. Sasa akajiambia nyumba ikibomolewa yeye atamchukua shemeji, amuuguze kama baba, na dada abaki na barabara. Aliuona mpango huo ni mzuri. Kwenye safu ya maelezo aliandika neno moja, wingu, kisha akaanza kubofya kingo za mto, kona baada ya kona, taratibu, kwa mkono safi kuliko siku zote. Umbo likajifunga, likajaa buluu.

Miezi ikapita. Kisha watu walikuja bondeni na rangi nyekundu, wakaweka alama kwenye kuta, za dada na za majirani zake wote wa upande ule. Dada hakuwa amewahi kukanyaga chumbani kwa Jicho, lakini siku hiyo alikuja, amevaa kanga juu ya kanga, na viatu vyenye matope. Jicho alimkaribisha. Alimpa kiti na maji ya kunywa, akakaa kitandani mbele yake akimsikiliza kwa utulivu. Dada aliongea sana. Alisema mumewe hawezi hata kukaa, wataenda naye wapi. Alisema mtoto wao yuko mji wa mbali na nyumba yake ni ndogo.

"Wewe si ndiyo unafanya kazi za ramani?" akasema mwishowe. "Ongea na hao watu wako, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mdogo wangu bila kuwa anamsingizia ugonjwa.

"Ramani inachora kinachoonekana, dada."

"Kinachoonekana nini? Kile kijito mbuzi anakiruka."

"Kwenye picha ni mto."

Dada akashika magoti yake, akayabembeleza kama ndiyo yanayolia. Jicho alimwacha aombe mpaka akachoka kuomba. Hata alipomsindikiza mlangoni alikuwa bado anauonja utamu wake, na utamu ulikuwa wa kweli, hakujidanganya kuhusu hilo.

Nafasi ya kurudi nyuma hakunyimwa. Watu wa bonde walipeleka malalamiko, na malalamiko yakashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa msimamizi, naye akaja mezani kwa Jicho saa ya chakula, leso mfukoni, harufu ya sabuni ya kunawia mikononi. Akakohoa. Aliuliza kama hapa ni mto au ni kijito, maana watu wanasema ni kijito. Jicho akamfungulia picha ya kiangazi.

"Kuna wingu," akasema.

Mzee akaminya macho. Macho yake yalikuwa yamechoka, na wenzake walikuwa wanamngoja mlangoni. "Hili wingu?"

"Hilo."

"Wewe ukisema huoni, nani ataona," mzee akasema, akacheka, akamgonga bega, akaenda kula. Wachoraji wawili waliokuwa karibu wakacheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Jicho akabaki anatazama uzi wa maji chini ya moshi. Ingetosha abofye mara moja tu afute umbo, achore mstari. Akaifunga picha.

Mashine za kubomoa zilikuja mapema kuliko siku iliyotangazwa, asubuhi yenye manyunyu. Jicho alipigiwa simu na jirani akiwa kazini, akaomba ruhusa, akakimbia. Alipofika, nusu ya nyumba ilikuwa chini na vumbi limegeuka tope. Dada alikuwa ameokoa cherehani, masufuria, na godoro la chumba chake, vyote vimepangwa vizuri kando ya njia, vimefunikwa. Shemeji alitolewa na majirani mwisho kabisa, dereva wa mashine akiwa tayari anapiga honi. Walimbeba na mkeka wake wakamlaza ukingoni mwa barabara, na mtu mmoja akamfunika kwa mfuko wa plastiki wa saruji. Maji yalikuwa yanamtiririkia shingoni. Nepi aliyovaa ilikuwa haijabadilishwa tangu jana.

Jicho akapiga magoti, akamfuta uso kwa mkono. Shemeji akamtambua. Upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi ukajaribu kutabasamu.

"Jicho," akasema. "Mto umefika wapi?"

Jicho hakuelewa. Mzee akarudia, polepole, neno moja moja. Walikuwa wamemwambia atatolewa kwa sababu ya mto, naye usiku kucha alikuwa ametega sikio na hakusikia maji. Sasa alitaka kujua yamefika wapi, na kama redio zimeinuliwa.

"Yako karibu, shemeji," Jicho akasema. "Yako karibu sana."

Nyuma ya kifusi kijito kilikuwa kinapita zake, chembamba, na kuku wa jirani aliyekimbizwa na mashine akakivuka bila kulowa kifua.

Alimchukua, kama alivyokuwa amepanga. Alimpa kitanda, yeye akalala chini. Dada naye akaja, maana hakuwa na pa kwenda, na Jicho hakuweza kumkatalia mbele ya majirani waliombebea mgonjwa. Wakakaa watatu katika chumba kimoja. Baridi ya asubuhi ile ilikuwa imemwingia shemeji kifuani. Alianza kukohoa kikohozi kikavu, kikageuka cha majimaji, hospitali wakampa dawa na kumrudisha, wakasema mapafu ya mtu asiyegeuka hujaa yenyewe. Jicho alikuwa akimgeuza kabla ya kwenda kazini na akirudi. Mchana kutwa alikuwa akimwacha na dada, na akirudi alikuwa anamkuta amelala upande uleule aliomwacha. Akisema, dada anajibu kwamba mgongo unamuuma. Mzee alikuwa akiuliza habari za mto kila siku, mpaka siku ambazo hakuuliza kitu. Akafa mchana, Jicho akiwa kazini, anachora mtaa wa watu asiowajua.

Walimzika. Mtoto wa dada alikuja kutoka mbali, akalia, akamwita Jicho mama mdogo mbele za watu, akasema mama yake ataondoka naye. Baada ya matanga dada alikuwa anakunja nguo zake chumbani, na Jicho alikuwa amekaa sakafuni. Hakuwa amepanga kusema. Maneno yalitoka kama matapishi yanavyotoka, bila kuombwa. Akamwambia dada kwamba mto ule aliuchora yeye, wingu halikuziba kitu, na aliulizwa akakataa kurekebisha. Akamwambia ni kwa sababu ya kinyozi.

Dada hakuacha kukunja. Alilainisha kanga kwa kiganja, akaiweka juu ya nyingine.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Siku nilipokuja hapa uliniangalia kama mtu aliyeshiba."

Jicho akangoja matusi. Akangoja kofi, akalitamani.

"Mimi nilikuwa nimechoka kumgeuza," dada akasema. "Kila siku mwanangu ananiita niende kwake, nitaendaje? Nimwache na nani? Watu wangesema. Sasa hakuna wa kusema." Akafunga begi, akajaribu zipu. "Unadhani umenikomoa. Umenitua mzigo, mdogo wangu. Na umeubeba wewe."

Akaomba asaidiwe begi mpaka kituoni. Jicho akalibeba. Njiani dada aliongea habari za nyumba ya mwanawe, kwamba ina bomba la maji ndani na wajukuu wawili, na basi lilipowashwa alichungulia dirishani akapunga mkono kwa furaha kama mtu anayekwenda harusini. Tangu hapo hupiga simu mara kwa mara. Amenenepa. Husema asubuhi wajukuu humletea chai kitandani.

Jicho alirudi kazini. Alimwomba msimamizi amhamishie kwenye vilima, kwa wale wanaochora mistari ya miinuko, ambako hakuna mapaa wala watu, milima mitupu. Mzee akakohoa. Akasema hapana, mtu wa vilima anapatikana popote, lakini wa nyumba kama yeye hana. Akamweleza kwamba wakubwa wamependa sana kazi ya mabonde, hasa usafi wa kingo za mito, na wameleta miji mingine yote iliyobaki. Kisha akamfungulia kipande kipya yeye mwenyewe, kwa heshima, akamvutia kiti.

Mapaa yalikuwa mengi, yamebanana, mengine na matairi juu. Jicho akashika kipanya. Akaanza na barabara.